Habari za Vijana Walalao Nje

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee wa makanisa na walimu, siku ya Jubilii



Tumeombwa tuseme mbele yenu habari za kazi yetu miongoni mwa vijana walalao nje katika mji wa Mwanza. Wenzetu waliotutangulia kusema leo wamewahesabia makanisa yaliyojengwa, na shule, na zahanati, na mabati yaliyoezekwa tangu mwanzo hata sasa. Wamefanya vema, maana kazi ile yaonekana kwa macho. Kazi yetu sisi haina paa wala haina jiwe la msingi. Nusu yake hufanyika usiku katika baraza za maduka, na nusu ya pili hufanyika ndani ya majalada ambayo si ruhusa kuyafungua mbele ya watu. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie, kwa kuwa hatuna picha za kuwaonyesha. Katika kitabu hiki cha Jubilii hamtaona uso wa kijana hata mmoja katika hao. Mtoto aliyepigwa picha akiwa amelala juu ya boksi, picha ile itamfuata hata atakapokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, wala hakuna aliyemwuliza kama ataka.

Kwanza mjue ni nani tunaowasema. Watu huwaita “watoto wa mitaani,” kana kwamba mtaa ndio uliowazaa. Wengine huwaita “chokoraa,” neno litokalo katika kuchokora, kwa kuwa watu waliwaona wakichokora majalala kutafuta chakula na chupa za kuuza. Sisi katika majalada yetu twaandika jina la mtu. Hata Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, ilipotoa maelezo yake ya 21 mwaka 2017, ilisema juu ya watoto walio katika hali ya mitaani, yaani mtaa ni hali iliyompata mtoto, wala si kabila lake. Neno hili si dogo. Kabila halibadiliki, bali hali hubadilika.

Mkitaka kuwaona, si kazi. Nendeni Mwaloni, Kirumba, alfajiri, magunia ya dagaa yanaposhushwa. Nendeni stendi ya Nyegezi au ya Buzuruga jioni, mabasi yanapoingia. Wako waendao mjini mchana kutafuta riziki, nao hurudi kwao jioni. Wako wengine ambao jioni haina maana kwao, maana hawana pa kurudi. Umri wao si mmoja: tumekutana na wa miaka 9, tumekutana na wa miaka 22. Tena wako wasichana, nao mtu aweza kupita kwa miaka mingi asiwaone. Habari zao tutazisema baadaye.

Watu wengi hudhani kwamba kijana alalaye nje ni yatima asiye na mtu. Wako walio hivyo, lakini si wengi kama mnavyodhani. Wengi wao wana mama aliye hai, au baba, au bibi, au mjomba, na baadhi yao watoka katika nyumba zenye bati na mifugo. Mmoja alikimbia baba wa kambo aliyesema hatalisha mtoto asiye wake. Mwingine alimfuata kaka yake kwenye kambi ya uvuvi visiwani, kaka akafa maji, naye akaona haya kurudi peke yake. Mwingine alishindwa mtihani akaogopa fimbo. Mwingine hakukimbia mtu, ila alikuwa na njaa, akasikia ya kuwa mjini mtu abebaye mzigo hupata chakula siku ile ile. Hatukupata bado kumwona mtoto aliyeondoka kwao kwa kuupenda mtaa. Kila mmoja aliondoka kwa ajili ya jambo fulani lililotukia, mara nyingi siku fulani na saa fulani. Na jambo hilo lisipojulikana, kumrudisha nyumbani ni kumrudisha kwenye jambo lile lile.

Hapo ndipo wakosapo wengi walio wema. Twajua mji ambao vijana walikusanywa usiku mmoja, wakapandishwa magari, wakapewa nauli, wakapelekwa kila mmoja mkoani kwake. Juma halikwisha, wengi walikuwa wamekwisha kurudi, nao walirudi wakiwa wajanja zaidi wa kujificha. Fedha ya nauli ilipotea, lakini kilichopotea zaidi ni imani. Maana baada ya hayo kila mtu mzima aliyewaendea na tochi waliona ni yule yule wa magari.

Kosa hili si letu peke yetu, wala si la leo. Katika mji wa New York watu wenye huruma walianza mwaka 1854 kuwapakia watoto wa mitaani katika treni na kuwapeleka mbali kwa wakulima wa bara, kusudi wapate hewa safi na kazi na nyumba mpya. Treni hizo ziliendelea hata mwaka 1929, nazo zilichukua watoto wapatao 200,000. Huko Uingereza, Thomas Barnardo, aliyefungua nyumba yake ya wavulana Stepney, London, mwaka 1870, alikuwa mtu wa kutembea usiku na taa akiwatafuta watoto juu ya mapaa na chini ya mapipa. Kwa hilo twamheshimu. Lakini yeye na wengine wengi wakawapeleka watoto ng'ambo ya bahari, na Canada peke yake ilipokea zaidi ya 100,000. Wengi wao walikuwa na wazazi walio hai. Baadhi yao waliambiwa ya kuwa wazazi wao wamekufa, nao wakazeeka wakiamini hivyo. Mwezi wa Februari mwaka 2010 Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, alisimama bungeni akawaomba radhi waliobaki, na walikuwa wazee wenye mvi. Tazameni basi muda uliopita kabla ya radhi hiyo.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki wako waliotuonyesha njia nyingine. Mwaka 1973 padre mmoja Mholanzi, Arnold Grol, alianza Nairobi kazi iliyoitwa Undugu, kati ya vijana waliokuwa wakiwaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha ili wapewe senti. Yeye aliwafuata walipo. Alijifunza mji kwao. Nasi hapa Mwanza kazi ya namna hii si ngeni, maana tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wako watu walioifanya, na sisi twatembea katika njia waliyoifyeka.

Sasa tuwaeleze jinsi tuendavyo. Huenda wawili wawili, mwanamume na mwanamke, siku zile zile za juma na saa zile zile, tangu saa tatu ya usiku hata kupita saa sita, ili vijana wajue ya kuwa tutakuja hata mvua ikinyesha. Kwanza twamsalimu yule mkubwa wao, maana kila maskani ina mkubwa wake, na mtu ampitaye mkubwa bila salamu hatapata neno kwa wadogo. Twawasalimu walinzi wa maduka, na wapiga debe, na mama lishe, kwa kuwa hao ndio macho ya mji. Sungusungu wa mtaa nao hupewa habari mapema, ili wasitudhanie vibaya. Usiku wa kwanza hatuulizi swali. Twaketi, twacheza drafti, twasikiliza.

Sanduku letu lina dawa ya vidonda na bendeji. Msilidharau sanduku hilo. Karibu kila alalaye nje ana kidonda mguuni, cha msumari au cha chupa au cha moto, na wakati wa kukifunga yeye hutazama mguu wake nawe watazama mguu wake, wala hapana haja ya kutazamana machoni. Mambo mengi tunayoyajua tuliambiwa wakati huo.

Wengine tuwakutapo wana chupa ya gundi ya viatu mkononi, wakiivuta puani. Ninyi mwaona uovu. Wao watawaambia kwamba huondoa njaa na baridi na ndoto mbaya. Yote mawili ni kweli. Gundi ile yaharibu ubongo na mishipa, nasi twawaeleza hivyo bila ukali, lakini kumnyang'anya kijana chupa yake bila kumpa chakula wala blanketi wala neno ni kumwacha mtupu kuliko alivyokuwa. Hatumnyang'anyi. Twarudi tena Alhamisi.

Yuko mmoja tu ambaye hatumngojei hata Alhamisi, naye ni mgeni wa usiku wa kwanza. Mtoto aliyeshuka katika basi leo, akiwa bado ana vumbi la kwao miguuni, akisimama karibu na watu wenye mizigo kana kwamba ni wao, huyo apatikanapo kabla hajapata maskani aweza kurudi kwao upesi, maana bado hajajifunza kuishi nje wala hajafanyiwa mambo ambayo ataona aibu kuyasema. Akikaa mwezi, kazi huwa ya miezi. Akikaa mwaka, huenda ikawa ya miaka. Kwa hiyo makondakta na mama lishe wa stendi tumewapa namba ya simu, na wengi wao hupiga kwa upendo tu. Iko pia namba 116, isiyo na malipo, ambayo mtu ye yote katika Tanzania aweza kuipiga kwa habari ya mtoto aliye hatarini. Iandikeni katika mbao za matangazo za makanisa yenu.

Baada ya hayo ndipo lianzapo jalada, nalo ndilo jambo tunalopenda mlielewe kuliko yote, ingawa halipendezi kusimuliwa. Kila kijana hupewa mtu mmoja, awe ndiye wake. Si wiki hii huyu na wiki ijayo yule, maana kijana aliyeulizwa habari zake na watu saba atawapa habari saba. Mtu huyo huandika: amesema jina gani, alala wapi, afya yake i hali gani, ni nani ampendaye, ni nani amwogopaye, na yeye mwenyewe ataka nini. Neno hili la mwisho huandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Akisema ataka kuwa fundi wa pikipiki, haiandikwi ya kuwa ataka shule. Kisha huandikwa lipi litafanywa, na nani, na hata lini, na mwezi ukiisha mkubwa wa kazi husoma na kuuliza, “Mbona hili halikufanywa?” Wala hatuna mamlaka ya kumweka mtoto mahali po pote kwa akili zetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamweka chini ya ulinzi mtoto atangatangaye asiye na makao, nayo yaipa serikali ya mtaa wajibu huo. Kwa hiyo kila jalada hupita kwa Afisa Ustawi wa Jamii, naye ndiye akataye neno.

Twawapa mfano mmoja, nasi tumebadili mambo machache ili mwenyewe asitambulikane.

Kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 13 tulipomkuta Nyegezi. Alitaja jina, akasema kwao ni Bukoba. Baada ya majuma matatu akataja jina jingine, na kwao ni Musoma. Hatukumwita mwongo. Mtoto alalaye nje hana mali ila jina lake, naye hulificha kama mtu afichavyo fedha. Mwezi wa nne, alipokuwa akifungwa kidonda, akasema, “Mimi nilipoteza ng'ombe.” Akanyamaza. Mwenzetu akamwuliza, “Wangapi?” Akajibu, “Wawili. Wa mjomba.”

Hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Alikuwa akichunga ng'ombe wa mjomba wake katika kijiji kimoja cha Sengerema, akalala usingizi chini ya mti, akaamka akahesabu, akarudia kuhesabu, kisha hakwenda nyumbani bali alishika njia ya kivukoni. Na sasa alikuwa na mwaka na nusu nje.

Mwenzetu alivuka kwenda huko peke yake, bila mtoto. Siku zile Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, nalo lilifunguliwa mwezi wa Juni mwaka 2025. Kwa hiyo alingoja kivuko nusu ya siku. Watu hutuuliza kwa nini hatumchukui mtoto mara ya kwanza. Sababu ni kwamba hatujui nyumba ile imekaaje, wala haifai kuwashtua wenyeji na mtoto mlangoni kabla hawajapata kusema yaliyo moyoni mwao. Alimkuta bibi ya kijana akianika mihogo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?”

Akasema atoka Mwanza, na ya kuwa ana habari za mjukuu wake. Yule bibi hakulia wala hakufurahi. Akauliza, “Amekufa, au ameiba?”

“Yu hai, bibi. Wala hakuiba.”

Ndipo bibi alipomvutia kigoda.

Ikajulikana ya kwamba ng'ombe mmoja alionekana siku ya tatu katika kundi la jirani. Mtoto hakujua, alikuwa amebeba deni la wawili muda wote ule. Lakini wa pili hakuonekana kamwe, na mjomba alikuwa ameambia watu wote kwamba kijana alimwuza. Basi shauri halikuwa tena la kijana, lilikuwa la ukoo. Safari tatu zilikwenda katika jambo hilo. Walikaa mjomba na bibi na wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji, na mjomba akasema neno ambalo hatukulisahau: “Mtoto ni damu yangu, lakini mali yangu nayo nani atailipa?” Wako waliotushauri tununue ng'ombe, mambo yaishe. Tulikataa. Mgeni akimkomboa mtoto kwa fedha, mtoto atakaa pale kama kitu kilichonunuliwa, na jirani naye atauliza wa kwake atalipiwa kiasi gani. Wazee walikata neno wenyewe: kijana aombe radhi mbele ya watu, mjomba aachilie, mtoto asipigwe, wala asichunge tena ng'ombe wale. Kisha kijana akaulizwa siku ya kurudi, akachagua Jumamosi.

Kama tungefunga jalada Jumamosi ile, tungekuwa na hadithi nzuri ya kuwasomea leo. Siku ya kumi na moja alitoroka tena.

Hakuwatoroka mjomba wala bibi, alitoroka shule. Aliwekwa darasa la tatu pamoja na watoto wadogo waliomfika kifuani, na mmoja wao akamwita chokoraa, na mwalimu akacheka. Shule hatuitaji. Mama lishe wa Nyegezi alimwona jioni ile ile, akapiga simu, na kwa kuwa jalada lilikuwa bado li wazi, aliyemfuata alikuwa yule yule aliyemfunga kidonda. Hakumkemea. Akamwuliza tu, “Umekula?”

Mara ya pili Afisa Ustawi wa Jamii alimtafutia darasa la MEMKWA, lile la watoto waliokosa elimu wakati wake, lililo katika shule nyingine umbali wa mwendo wa saa moja. Mwalimu wa pale aliambiwa kiasi kilichompasa kujua, wala si zaidi. Siku ya kwanza alimpa kazi ya kufuta ubao na kutunza chaki, kama mtoto mwingine ye yote. Mwenzetu alimtembelea kila baada ya majuma mawili, kisha kila mwezi, kisha kwa simu ya bibi. Sasa yuko katika darasa la kawaida. Jalada lake halijafungwa.

Walimu wetu, habari hii yawahusu ninyi kuliko mtu mwingine ye yote aliyeketi hapa. Sisi twaweza kutembea usiku mwaka mzima, na kicheko kimoja darasani kikarudisha kazi yote stendi. Ada iliondolewa katika shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika sekondari hata kidato cha nne tangu mwaka 2016. Tena kwa waraka wa mwaka 2021 serikali ilifungua mlango kwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, pamoja na wasichana waliopata mimba, warudi darasani. Sheria basi haimzuii. Kinachomzuia ni sare, na daftari, na chakula cha mchana, na namna anavyotazamwa akiingia mlangoni. Twawaomba mambo machache sana: mtoto wa namna hii asiulizwe habari zake mbele ya wengine, asiketi na walio wadogo mno ikiwa liko darasa la kumfaa, na siku ya kwanza asiyoonekana, mtu apige simu siku ile ile. Msingoje mwisho wa juma. Wakati huo huenda amekwisha kufika mjini.

Tuliahidi kusema habari za wasichana. Hao hawalali barazani, kwa kuwa hawathubutu. Msichana aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani, akafukuzwa usiku kwa ajili ya sahani iliyovunjika au kwa ajili ya baba mwenye nyumba, hana nauli wala simu. Atapokewa upesi, na ampokeaye mara nyingi atataka malipo yake. Kwa hiyo twawatafuta jikoni mwa baa, na katika nyumba za kulala wageni, na sokoni kwa wauza mboga, na kazi hiyo hufanywa na akina mama wetu, si na wanaume. Na hapa twasema bila kuficha: baadhi ya nyumba wanamofukuzwa ni nyumba zilizomo katika usharika. Mtakapokwenda kumchukua msichana wa kazi kijijini, andikeni namba ya simu ya mama yake, nanyi mwacheni aitumie.

Liko kundi jingine ambalo karibu halina mwenyewe. Sheria ya Mtoto humlinda mtu hata atimize miaka 18. Siku ya pili yake yule aliyekuwa mtoto wa kuhurumiwa huitwa mzururaji, naye aweza kushtakiwa kwa sheria zenye asili ya Kiingereza, nazo zafuata mfano wa ile ya huko kwao ya mwaka 1824. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikaayo Arusha, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 ya kuwa sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika. Hayo ni maoni ya mahakama kuu, nasi twayafurahia. Lakini kijana wa miaka 19 pale Mwaloni hayajui, wala mgambo amkamataye hayajui.

Kwa vijana hao wakubwa, kuwarudisha kwa mama si dawa tena. Wao wataka kazi, na chumba, na kitambulisho. Msishangae tukisema kitambulisho. Asiye na kitambulisho cha Taifa hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na asiye na laini hana pa kuweka hata shilingi elfu tano. Tena ili apate kitambulisho yampasa aonyeshe alizaliwa wapi na akaa mtaa gani, naye hana cheti cha kuzaliwa wala mtaa. Mwenzetu mmoja alitembea na kijana mmoja ofisi baada ya ofisi, kuanzia kwa mtendaji wa kata aliyozaliwa, mpaka kikapatikana. Siku hiyo kijana hakusema asante. Alikitazama kitambulisho mbele na nyuma, akauliza kama picha ile yaweza kufutika. Sasa yumo katika kikundi cha vijana kumi wawekao akiba kila Jumapili jioni, nao wananuia kuomba mkopo wa halmashauri katika ile asilimia 4 ya mapato iliyotengwa kwa vijana. Huenda wakaupata, huenda wasiupate.

Mtu mmoja alituuliza juzi kama ni vema kumpa mtoto senti barabarani. Wako wasemao ni dhambi kumpa, kwa kuwa atanunua gundi. Sisi twaona ni neno la kumpunguzia mtu mzigo wa moyo zaidi kuliko la kumsaidia mtoto. Kama waweza, mnunulie chakula, uketi naye anapokula, umwulize jina lake, na kesho umwite kwa jina hilo. Hilo lakupunguzia muda kuliko fedha, na ndiyo sababu wengi hupenda kutoa fedha.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotuleta mbele yenu siku hii. Mtoto akitolewa stendi usiku, kabla kwao hakujajulikana, yampasa alale mahali. Makao ya watoto yako, nayo yafanya kazi njema, lakini mtoto akizoea kengele na foleni ya sahani, husahau nyumba ilivyo. Serikali ina mpango wa walezi wa kuaminika, yaani watu waliochunguzwa, wakafundishwa, wakakubaliwa na Ustawi wa Jamii, ambao humpokea mtoto kwa siku chache au majuma machache, alale na kula kama watoto wa nyumba ile, mpaka shauri lake likatwe. Si kuasili mtoto, wala si kazi ya mshahara. Yataka kitanda kimoja, na watu wa nyumbani waliokubaliana, na moyo usioshtuka mtoto akikojoa kitandani au akificha mikate chini ya mto, maana watafanya hivyo. Katika mji huu walezi hao hawatoshi. Ziko siku tumekaa na mtoto katika benchi la kituo cha polisi hata alfajiri, wala si kwa sababu alikosa, ila kwa sababu hapakuwa na mlango wa kubisha.

Wale watakaopenda kuandikisha majina yao, waume kwa wake, waje pamoja mume na mkewe, asije mmoja peke yake. Meza itawekwa upande wa kusini karibu na kisima, baada ya chakula cha mchana, na Afisa Ustawi wa Jamii atakuwapo hata saa kumi. Kuandikisha jina si kukubaliwa. Atakuja kwanza kuwatembelea nyumbani, naye ataongea na watoto wenu pia.